Mwenye Deni Naye Ana Kinywa

Kuna adabu moja tuliyokuzwa nayo huku Kagera ambayo naiheshimu sana, ila leo nina ugomvi nayo. Ni adabu ya kunyamaza mbele ya anayekupa fedha. Mtu akikukopesha, humhoji. Unapokea kwa mikono miwili, unasema "wakola waitu", unasaini pale anapoonyesha kwa kidole, unaaga na kwenda zako. Kumuuliza riba ni kiasi gani, inahesabiwaje, na itakuwaje ukichelewa mwezi mmoja, kunaonekana kama kumtukana mtu aliyekuja kukutoa kwenye shida. Na ukimwomba nakala ya karatasi uliyosaini, utaambiwa huna shukrani.

Adabu hii imetugharimu vibanja, nyumba na ndoa, kutoka Kashai mpaka Nshamba. Mtu anayedaiwa anajiona amepungua utu, na aliyepungua utu hana la kuuliza. Basi anayemdai anajaza mwenyewe kimya hicho kwa masharti anayoyataka.

Tuanze shambani, maana huko ndiko wengi wetu tulikoonja mkopo wa kwanza hata kama hatukuuita mkopo. Ni Januari, shule zimefunguliwa. Ada imefutwa kwenye shule za serikali, lakini sare, madaftari, viatu na michango havijafutwa. Kahawa mtini bado ni punje za kijani. Mnunuzi anafika kibanjani jioni, pikipiki ameiacha barabarani. Anaamkia vizuri, anaulizia hali ya mgonjwa wa nyumba, anasifu migomba. Anapita katikati ya mibuni, anashika tawi moja na kuligeuza, anakadiria kwa jicho. Kisha anatoa kwenye mfuko wa nyuma daftari lililokunjwa katikati na kalamu isiyo na kifuniko.

"Waitu mama, hapa hukosi kilo mia za maganda. Nikupe laki moja leo hii, mtoto aende shule."

"Na mnada ukifunguliwa bei ikiwa juu?"

"Aa, mama! Bei ya mnada anaijua Mungu peke yake. Mimi fedha ninayo mkononi."

Mama ananyamaza. Lilikuwa swali zuri, tena la kisheria kabisa, akaliacha lipotee kwa sababu mgeni amesimama na noti zinaonekana. Anaweka dole gumba kwenye wino. Daftari linarudi mfukoni, na yeye habaki na hata kipande cha karatasi.

Hii ndiyo butura, kuuza kahawa ikiwa bado mtini, au kuuza maua kama wengine wanavyosema. Viongozi wa mkoa wetu wameipiga marufuku mara nyingi, na kila msimu inarudi. Ifanyie hesabu kama hukuwahi. Tuchukulie laki moja hiyo ni ya Januari, na Julai kilo mia zile zinauzwa mnadani kwa shilingi 3,000 kila moja. Mnunuzi anaondoka na 300,000. Aliyekopeshwa 100,000 amelipa 200,000 ya ziada ndani ya miezi sita, yaani kama asilimia 33 kila mwezi. Sasa weka pembeni kiwango ambacho Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wadogo wasiopokea amana: kisizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Mama yetu angekopa kihalali laki moja hiyo hiyo kwa kiwango hicho, riba ya miezi sita isingefika 25,000. Mwaka 2024 bei ya robusta katika soko la dunia ilipanda kuliko ilivyopata kuonekana kwa miongo mingi. Waliokuwa wameuza maua walikaa kibarazani wakitazama magunia yao yakipakiwa kwenye gari la mtu mwingine.

Lakini nisiwe kama wale wanaohubiri dhidi ya butura wakiwa wameshiba. Mkulima hauzi maua kwa ujinga. Anauza kwa sababu Januari ina mahitaji na fedha ya chama inakuja baada ya mavuno, tena kuna misimu ilichelewa mpaka watu wakakata tamaa na ushirika. Marufuku bila mkopo wa halali wa Januari ni maneno matupu. Ushauri wangu kwa viongozi wa vyama vya msingi ni mmoja: kabla hujamwita mwanachama wako msaliti kwa kuuza butura, jiulize mwezi wa kwanza alipokuja ofisini kwako akiwa na shida, alimkuta nani.

Na kwa ndugu zangu wanunuzi nina neno lingine. Nyinyi mna desturi ya kukutana. Msimu ukikaribia mnakaa mahali, nyama choma ipo, bia na rubisi vipo, mnakubaliana kwamba kijiji fulani hakuna atakayetoa zaidi ya kiasi fulani kwa kilo. Mnaita ni kuelewana. Mama yule akikataa laki moja yako, atamwendea mwenzako, naye atamwambia laki moja. Atadhani ndiyo bei ya dunia, kumbe ni bei ya meza yenu.

Waliofanya hivyo wakiwa na suti na tai walishtakiwa. Huko Austria, wakuu wa mabenki makubwa walikuwa na kikao chao cha kila mwezi jijini Vienna kilichoitwa Lombard Club. Walikutana kila mwezi isipokuwa Agosti, nadhani kwa kuwa hata dhuluma ina likizo. Walikubaliana riba za mikopo na za amana, na makubaliano yao yalienea nchi nzima mpaka kijiji cha mwisho. Wakaguzi wakawavamia ofisini mwaka 1998 bila taarifa, wakabeba mafaili. Juni 2002 Tume ya Ulaya ikawatoza mabenki manane faini ya euro milioni 124.26. Mwaka 2013 ikaja zamu ya mabenki yaliyochezea viwango ambavyo mikopo ya dunia nzima ilikuwa ikipimiwa. Faini yao ilipita euro bilioni 1.7. Mwaka 2019 likawa kundi la wauzaji wa fedha za kigeni waliokuwa wakipeana siri za wateja wao kwenye kikundi cha gumzo walichokiita Three Way Banana Split. Hicho ni chakula cha ndizi iliyopasuliwa na kuwekewa aiskrimu, na sisi wenye ndizi zetu tunaweza kucheka kidogo. Mabenki yao, yakiwamo Barclays, Citigroup na JPMorgan, yalitozwa zaidi ya euro milioni 811. UBS ilikuwamo kwenye njama, lakini haikulipa hata senti, kwa kuwa ndiyo iliyokwenda yenyewe kutoa taarifa.

Msiniambie hayo ni ya Ulaya. Sheria yetu ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei, na haisemi sheria hii itaanza kazi mkishakuwa benki. Tume ya Ushindani ina ofisi Mwanza, si mbali. Ila mimi si polisi. Nawauliza tu kama watu mnaokwenda kanisani na msikitini: mkikaa mezani kumpangia bei mtu asiyekuwapo, mtu mwenye mazao yake na jasho lake, mnaiitaje kwenye sala zenu? Na kama yumo mmoja wenu ambaye kikao kile kinamsumbua moyoni, akumbuke habari ya UBS. Wa kwanza kuondoka mezani hupata nafuu.

Sasa niwaelezee kesi ambayo nataka kila mwenye deni Bukoba na Muleba aijue, kwa sababu inagusa lile kosa letu la kunyamaza.

Mohamed Aziz alikuwa mhamiaji kutoka Moroko aliyefanya kazi Hispania tangu 1993. Julai 2007 alikopa benki euro 138,000 kwa kuweka rehani nyumba ya familia huko Martorell, karibu na Barcelona. Angelipa kidogo kidogo kwa miaka 33. Alilipa vizuri karibu mwaka mzima, kisha katikati ya 2008, uchumi ukiwa unaporomoka, akashindwa. Mkataba ulisema ukikosa rejesho, benki inaweza kudai deni lote kwa mpigo, na riba ya kuchelewa inaruka yenyewe mpaka asilimia 18.75. Nyumba ikapelekwa mnadani 2010. Hakutokea mnunuzi, benki ikaichukua kwa nusu ya thamani yake, na deni likaendelea kubaki. Januari 2011 akatolewa nje na familia yake.

Ukiitazama kwa macho ya kijijini kwetu, kesi imekwisha. Alikopa, hakulipa, nyumba imekwenda. Dawa ya deni ni kulipa. Nani angemsikiliza?

Yeye akafungua kinywa. Hakudai kwamba hakukopa. Hakudai kwamba amelipa. Alisema: deni ni langu, lakini masharti haya ni ya dhuluma, niliyakuta yameandikwa tayari, na sikupewa nafasi ya kuyajadili. Jaji wa Barcelona akaona kikwazo kikubwa zaidi, kwamba sheria ya Hispania ilimruhusu mtu kulalamikia masharti ya mkataba wakati mnada ukiendelea bila kusimama. Yaani utolewe kwanza nyumbani, ukishinda utalipwa fidia ukiwa umeshapanga chumba kwingine. Jaji akapeleka swali kwenye Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Tarehe 14 Machi 2013 jibu likatoka: utaratibu huo haumlindi mlaji, na jaji lazima awe na uwezo wa kusimamisha utekelezaji mpaka masharti yachunguzwe. Miezi miwili baadaye Hispania ikabadilisha sheria. Mtu mmoja aliyekuwa ametolewa vitu nje alisababisha nchi nzima kurekebisha milango ya mahakama zake.

Kilichonigusa hapo ni ule ukweli wa aina mbili aliousema kwa pumzi moja. Nadaiwa, na nimedhulumiwa. Sisi hatujui kuyasema yote mawili. Ama tunanyamaza kwa sababu tunadaiwa, ama tukigundua tumedhulumiwa tunajiona deni limefutika, tunazima simu na kuhamia Kyaka. Yote mawili ni utoto. Mkopeshaji kukuonea hakufuti deni lako. Kukosa kulipa hakumpi mkopeshaji ruhusa ya kukufanyia atakalo.

Sheria zetu kwenye hili si mbaya, na pengine zinatushinda kwa sababu hatuzisomi. Ukiweka rehani nyumba ya familia, Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenzi wako. Mume anayeipelekea benki hati kwa siri ameweka rehani kitu ambacho si chake peke yake. Ukishindwa kulipa, unatakiwa kupewa notisi ya siku 60 kwanza. Na nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inaanza kwa kudhani kwamba muuzaji amekosea, yeye ndiye ajieleze. Aziz hakuwa na kinga kama hiyo. Sheria ya Ushindani nayo imetenga vifungu kwa ajili ya mikataba ambayo mfanyabiashara ameichapa peke yake na mteja anawekewa tu mahali pa kusaini. Na tangu 2019 tuna kanuni za Benki Kuu za kumlinda mlaji wa huduma za fedha. Hakuna hata moja kati ya hizo inayofanya kazi ukiwa umenyamaza.

Nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko butura, nalo ni kadi. Tembelea ATM yoyote ya Bukoba mjini alfajiri ya siku ya mshahara. Utamkuta mkopeshaji mmoja ana furushi la kadi zilizofungwa kwa mpira, kila moja imebandikwa karatasi ndogo yenye tarakimu nne. Anaingiza, anatoa fedha, anachukua risiti, anaingiza nyingine. Walimu, wauguzi, wastaafu. Wenye kadi wako nyumbani wanasubiri simu ya kuambiwa wamebakiziwa ngapi. Benki Kuu imekuwa ikionya juu ya jambo hili, na bado watu wazima wenye vyeti ukutani wanakabidhi kadi na namba ya siri kama anayekabidhi ufunguo wa choo.

Torati ilishalisema hili. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, mkopeshaji anakatazwa kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu kufanya hivyo ni kuchukua uhai wa mtu. Bila jiwe hakuna unga. Kadi ya mshahara ndiyo jiwe la kusagia la mwalimu. Sura hiyo hiyo inamwambia anayedai asiingie ndani ya nyumba ya mdaiwa kuchagua rehani. Asimame nje, mwenye nyumba amtolee. Nawaza juu ya vijana wanaotumwa na wakopeshaji hawa tunaowaita kausha damu, wanaoingia mpaka chumba cha kulala na kubeba godoro mbele ya watoto. Na kwa ndugu zangu Waislamu sihitaji kueleza kwamba Kurani, katika Sura ya Al-Baqara, inataka mdaiwa aliyebanwa apewe muda mpaka apate nafuu, na kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Dini zote mbili zilizojenga mji wetu zimemwekea mkopeshaji mpaka wa kusimama. Halafu tunashangaa sheria ikimwekea.

Wakopeshaji wa kwenye simu nao wana mlango wao wa kuingilia. Wanaingia kwenye orodha ya majina yako. Ukichelewa siku tatu, mchungaji wako anapata ujumbe kwamba wewe ni tapeli, mkwe wako anapata, mwalimu mkuu wa mtoto anapata. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kusambaza aibu ya mtu kwa jamaa zake kunagusa pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Lakini hapa nina ombi kwako wewe unayepokea ujumbe ule na hudaiwi chochote. Usiusambaze. Usiuchekee kwenye kikundi cha ukoo. Mpigie ndugu yako faragha, umuulize anahitaji nini. Biashara ile inaishi kwa aibu, na aibu inahitaji watazamaji. Ukikataa kutazama umewakatia mtaji.

Sasa nigeuze upande wa pili, maana najua wapo walionisikia vizuri mno mpaka hapa.

Tulikuwa na benki yetu wenyewe. Benki ya Ushirika ya Wakulima wa Kagera ilianzishwa ili fedha ya kahawa izunguke hapa hapa. Januari 2018 Benki Kuu iliifunga pamoja na nyingine nne, zikiwamo za jamii za Njombe na Meru, kwa kukosa mtaji uliotakiwa. Bima ya amana wakati ule ilimlinda mteja kwa kiasi kisichozidi shilingi milioni 1.5, kiwango hicho kilipandishwa hadi milioni 7.5 miaka kadhaa baadaye. Mwenye zaidi ya hapo alibaki kusubiri ufilisi. Sitadai kujua kila kilichopungua kwenye vitabu vyao. Ninachokijua ni jinsi mtaji wa benki yoyote ndogo unavyoliwa: mikopo inatoka, hairudi, na wanaokopa bila kurudisha mara nyingi ndio wanaosikika zaidi kwenye mikutano. Katika vikoba na SACCOS zetu ni hivyo hivyo. Fedha ya kikoba ni ya yule mama anayeuza senene na dagaa wa Kemondo. Ukiikimbia umemwibia yeye. Hukuikomoa benki ya Ulaya.

Kwa hiyo nikikwambia una haki, sikupi kisingizio. Wahenga walipomwonya mtu juu ya kukopa harusi na kulipa matanga, walimlenga mkopaji. Ukijua Mei hutaweza kulipa, kamwambie Aprili. Nenda mwenyewe, usitume mtoto. Sema nimepungukiwa, naweza kiasi hiki, niongezee muda. Anayedai, hata mkali, hulainika kwa mtu aliyemfuata kuliko kwa mtu aliyemfukuza barabarani mpaka Muhutwe. Na usiombe jirani akudhamini kama humwonyeshi karatasi nzima. Mdhamini hasaini kwa ajili ya urafiki, anasaini kulipa. Wapo wazee Kamachumu na Ikondo wanaolipa mpaka leo madeni ya vijana waliokwisha kuhamia Dar es Salaam, na vijana wale wakija Krismasi wanawaletea sukari kilo mbili.

Kwa wakopeshaji, wakiwamo wasomaji wangu wenye leseni na maofisa mikopo wa mabenki yetu, nina jambo moja kutoka Hispania tena. Mabenki mengi kule yalikopesha kwa riba inayopanda na kushuka na soko, lakini ndani ya kurasa yakaficha sharti kwamba riba haitashuka chini ya kiwango fulani. Soko liliposhuka, wateja waliendelea kulipa kile kile bila kuelewa kwa nini. Mei 2013 Mahakama ya Juu ya nchi ile ilibatilisha masharti yaliyofichwa hivyo, ila ikasema mabenki yarudishe tu yaliyotozwa kuanzia siku ya hukumu. Ya nyuma yasahaulike. Tarehe 21 Desemba 2016 mahakama ya Ulaya ikakataa: sharti kama ni batili, lilikuwa batili tangu siku ya kwanza, na fedha irudi yote.

Nimeipenda hukumu hiyo kwa sababu za kidini kuliko za kisheria. Tumezoea toba ya kuanzia leo. Mkopeshaji anaokoka, anaacha kutoza asilimia thelathini kwa mwezi, anatoa ushuhuda kanisani, watu wanapiga makofi. Na ile 90,000 ya kila mwezi aliyokuwa akimtoza mjane aliyemkopesha 300,000, wakati halali yake isingezidi 10,500? Hiyo imejenga ukuta wa nyumba yake. Zakayo mtoza ushuru hakusema kwamba kuanzia leo sitadhulumu. Alisema atarudisha mara nne. Ofisa mkopo anayegundua kwamba tawi lake lilimkata mteja ada isiyokuwamo kwenye mkataba, asingoje mteja agundue. Ampigie, na ampigie kabla ya mkaguzi kuja.

Nimalizie na mwalimu wa Muleba aliyeniuliza afanyeje, kwa kuwa kadi yake iko kwa mkopeshaji mwaka wa pili sasa, hajui amelipa ngapi, na mume wake hajui kabisa.

Mwalimu, kwanza andika barua ya ukurasa mmoja, kwa heshima, bila matusi na bila vitisho. Omba taarifa ya mkopo wako: ulipokea kiasi gani, umelipa kiasi gani, riba ni ngapi kwa mwezi, kimebaki nini. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa au isainiwe, uondoke nayo. Akikataa kuipokea, nenda na shahidi. Wakati huo huo chunguza kama jina lake limo kwenye orodha ya wenye leseni ambayo Benki Kuu huiweka wazi. Kisha fika kwenye benki yako na kitambulisho, kadi ile ifungwe na upewe nyingine. Huo si wizi wala utovu wa shukrani. Kadi haikuwa mali ya kuwekwa rehani. Lakini siku utakayofunga kadi ndiyo siku ya kumpelekea rejesho la mwezi huo kwa njia inayotoa risiti, kiasi unachoamini ni halali, ili asipate la kusema kwamba umemkimbia. Risiti zote ziweke kwenye bahasha moja. Akikujibu vibaya au asipojibu, ndipo uandike Benki Kuu, tawi la Mwanza, ukiambatanisha ile nakala yenye muhuri. Walimu wenzako walio kwenye furushi lile lile watafute, muandike pamoja. Mnafahamiana, mnakutana ATM.

Na mume wako mwambie leo jioni, kabla hajaambiwa na yule mwenye furushi.